Umepika Nini Leo?

Mimi ni mpishi wa shughuli. Harusi, arubaini, akika, hitima, hata mikutano ya siasa nimeipikia, na katika miaka yangu yote ya moshi hajatokea mtu wa kuniambia kwamba chakula changu hakikutosha. Nayasema haya mapema si kwa kujisifu tu, ingawa kujisifu nakujua, bali kwa sababu usipoyajua hutaelewa kwa nini neno moja dogo, neno la "sijapika", lilinitoa jasho kuliko kiapo cha mahakamani.

Mume wangu wa siku hizo alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni. Huenda Jumatatu, hurudi Ijumaa. Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi nyumba yetu pale Malindi ilikuwa na raha, hata paka alinenepa. Ijumaa nilikuwa nikiusikiliza mlango. Akiingia na salamu, ni heri. Akiingia kimya, nilijua ushungi utakuwa na kazi ya ziada. Majirani niliwaambia nimeangukia mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi yangu ile ilisingiziwa maovu mengi, na lau ingekuwa na ulimi ingenishitaki mimi kwanza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilikuwa kata isiyosema.

Ijumaa moja alinivunja mkono. Sitasimulia ilivyokuwa, nilishayaeleza mara moja mbele ya hakimu, yanatosha. Nitakalosema ni kwamba ulikuwa mkono wa kulia, mkono wa mwiko, na kesho yake nilikuwa na harusi ya kupikia. Mgongo aliupiga nikavumilia. Uso aliupiga nikavumilia. Lakini mkono huu ndio uliosomesha watoto wangu watatu, na nilipouona umening'inia, hasira zote ambazo ningepaswa kuwa nazo miaka ile zikanijia kwa pamoja. Asubuhi nilimwachia msaidizi wangu sufuria na maagizo, nikapanda bodaboda, nikaenda kituo cha polisi.

Nilikuwa naogopa kituo kuliko nyumbani. Nilidhani nitasimamishwa kaunta, mbele ya watu waliopoteza simu na vitambulisho, nielezwe kwamba haya ni mambo ya mume na mke. Kumbe kaunta alikuwapo sajini wa makamo, mwenye mvi, mtu wa pwani hii hii ambaye nilimpikia harusi ya bintiye. Aliutazama mkono, akanitazama uso, akainamisha macho.

"Bibi, pita huku ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa kaunta si mahali pako."

Akanipeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma kilichoandikwa mlangoni "Dawati la Jinsia". Ndani alikuwamo koplo mwanamke, kijana wa bara, rika la binti yangu mkubwa. Alifunga mlango. Alinipa maji kabla ya kunipa swali. Kisha akaanza kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara kweli kweli, hata mimi katikati ya kilio nikawa namsahihisha. Hakukasirika. Alisema, "Asante, mwalimu, tuendelee," akafuta, akaandika upya. Alinipa nambari ya OB, kitabu cha matukio, kwenye karatasi, akanipa fomu ya P3, akaongozana nami mpaka hospitali ili daktari aijaze huku mkono ukifungwa plasta. Njiani alinibebea mkoba.

Tuliporudi aliniuliza, "Mama, leo utalala wapi?"

Watu waliojua mambo yangu, na walikuwapo wachache, waliniuliza nilimfanya nini mume wangu, kama nimesali, kama nimewaona wazee. Hakuna aliyepata kuniuliza nitalala wapi. Nililia pale kuliko nilivyolia kwa mkono.

Nilimwambia nina dada yangu mkubwa, mjane, mkulima wa Kakuyuni. Basi ikawa ni huko. Na kabla sijaondoka koplo akanivutia kiti karibu.

"Sikiza, mama. Nitakuwa nakupigia simu kila siku saa nne asubuhi. Sitakuuliza mambo ya kesi, juu sijui nani amekaa hapo karibu na wewe. Nitakuuliza kitu ya kawaida. Kama uko salama, unanijibu kawaida. Kama kuna shida, unaniambia kitu yenye huwezi kusema siku nzuri. Ni kitu gani huwezi kusema kabisa?"

Nilicheka, na meno yalikuwa yananiuma. "Kwamba sijapika."

"Basi imeisha. Nitauliza umepika nini. Ukisema hujapika, mimi nakuja."

Niliona ni mchezo wa kitoto, lakini nilikubali kwa kuwa alikuwa na adabu.

Mume wangu alikamatwa Jumatatu huko huko kazini, akafikishwa mahakamani, akaachiliwa kwa dhamana na sharti la kutonikaribia mpaka kesi isikizwe. Mimi nikakaa Kakuyuni, mkono shingoni, nikimpikisha dada yangu kwa mdomo. Maskini dada yangu! Miaka yote amekula sima na mrenda kwa furaha yake, ghafla anapata mgeni anayesimama nyuma yake kumwambia nazi hiyo imekatika, kitunguu hicho hakijaiva. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; mimi hata jembe sikuweza kulishika. Siku moja aliniambia ataniandikia yeye mwenyewe OB.

Na kila siku, saa nne, simu ililia.

"Umepika nini leo, mama?"

"Muhogo wa nazi, mwanangu."

"Leo?"

"Samaki wa kupaka."

"Leo?"

"Mahamri na mbaazi, na usiniulize kama yalifura, dada yangu ana mkono mzito."

Baada ya siku kadhaa alianza kuuliza na namna ya kupika. Aliniambia ana daftari, anaandika kila nisemacho, ili siku moja ajifunze vyakula vya pwani. Nami, nitasema kweli, nilianza kuamka nikiifikiria saa nne. Haikuwa simu ya polisi tena. Ilikuwa mtu anayetaka kujua kama nipo.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba na mweupe, nikauonea huruma kama wa mtoto. Kesho yake nilitaka kuujaribu. Dada alikwenda shambani alfajiri kung'oa muhogo, akaniacha na kuku mmoja na mchele wa pishi. Niliwasha kuni tatu uani, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ninayoipenda, nikatia bizari, na mwiko ulipozunguka mara ya kwanza bila kuniuma niliimba. Jirani wa upande wa pili alinijibu kwa kigelegele, hajui hata anashangilia nini.

Ndipo nikasikia hodi.

Walikuwa watatu. Mbele ami yake mume wangu, mzee wa kanzu, mtu ninayemheshimu. Nyuma yake wifi yangu, ameshika bahasha. Na nyuma yao, mume wangu mwenyewe, amevaa shati nililompigia pasi mimi. Nje kulikuwa na gari la kukodi, injini inanguruma.

Utaniuliza kwa nini nilifungua mlango. Nimelelewa hivyo. Mzee wa kanzu akibisha, mlango hujifungua wenyewe. Niliamkia shikamoo, nikatandika mkeka, nikaleta maji. Ami akaanza kwa upole: nyumba ni kusitiriana, mtoto wetu amejuta, mambo haya tuyamalize wenyewe. Wifi akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa imeshaandikwa yote, kwamba nilianguka, kwamba nilisema kwa hasira, kwamba naiondoa kesi. Ilikuwa imebaki sahihi yangu tu, tuipeleke mahakamani mchana huo, kisha nirudi nyumbani Malindi na mume wangu jioni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema ami, akitabasamu. "Nasi tumekuja, mwanangu, upone."

Nilipoinama kumpa mume wangu bilauri ya maji alinong'ona bila kutikisa midomo: "Ukiongea tena na wale polisi, na mkono wa pili." Kisha akanywa maji yote akasema asante.

Nikainuka. Na hapo hapo, kama iliyoitwa, simu ikalia kwenye kirago.

"Pokea," mume wangu akasema. "Sauti iwe juu, sote tusikie."

Nikapokea. "Mama, hujambo? Umepika nini leo?"

Sasa niambie ungefanya nini wewe. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini mbele yangu ameketi mzee wa kanzu, mgeni, kwenye mkeka wangu, na nyuma yangu pilau inanukia mpaka barabarani. Nimwambie mtu nikiwa mbele ya wageni kwamba sijapika? Mama yangu angefufuka. Na hata kama ningeshinda haya, mume wangu angejua pale pale kwamba ni uongo, na uongo una maana yake. Nilifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Nikasikia sauti yangu ikisema yenyewe:

"Nimepika pilau ya mrenda, mwanangu. Na papa mkavu juu yake."

Upande wa pili nikasikia kalamu ikikwaruza. Kisha koplo akasema kwa furaha, "Ai, hiyo lazima ni tamu! Nimeandika. Siku njema, mama." Akakata.

Yule mtoto wa bara! Mrenda ni mboga inayoteleza kuliko sabuni, haukutani na pilau duniani wala akhera, na yeye ameandika.

"Pilau ya mrenda ndiyo kitu gani?" ami akauliza, na uso wake ulionyesha ameumia kweli.

"Namtania tu, ami. Hawa wa bara hawajui chakula."

Mume wangu akacheka. Wifi akacheka. Nami nikacheka, maana sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Kisha karatasi ikasogezwa mbele yangu, na kalamu juu yake.

"Ami," nikasema, "si vizuri kutia sahihi na wageni wana njaa. Pilau imebaki kupaliwa makaa tu. Kuleni kwanza."

Hapo niliwajua watu wangu. Gari la kukodi lingoje, mahakama ingoje, lakini mzee wa pwani haondoki penye pilau inayopaliwa. Ami akavua kofia akaiweka gotini. Nikatoka uani, nikapanga makaa juu ya mfuniko moja moja, kama anayepanga dhahabu. Nikarudi na kahawa. Nikatoka tena kugeuza makaa. Nikarudi na tende. Nikatoka tena kukatakata kachumbari, na nyanya ile niliikata vipande vyembamba mpaka ungeweza kuona upande wa pili. Wifi akaniuliza pilau gani hii. Nikamwambia ni ya kuni, haina haraka. Kila nikiikumbuka ile karatasi mkono wangu uliopona ulikuwa ukiuma, na niliogopa, niliogopa sana, kwamba dada atachelewa na makaa yataisha.

Yaliyotokea kituoni nilisimuliwa baadaye na sajini mwenyewe, na kila akisimulia huongeza chumvi, kwa hiyo pokea kwa hadhari. Anasema alikuwa na desturi ya kupita pale dawati baada ya saa nne kuuliza, "Mpishi wetu kapika nini leo?" Koplo akamsomea daftari. Sajini anasema aliiweka chini chai yake.

"Soma tena."

"Pilau ya mrenda. Na papa mkavu."

"Mwanangu," sajini akasema, "yule mama alinipikia harusi. Hawezi kupika kitu hicho, wala hawezi kukisema. Ama amerukwa na akili, ama amekaa na watu wasiostahili kuwapo. Gari liko wapi?"

Nilikuwa nimeshaondoa makaa, sina hila tena, sinia liko mkononi, niliposikia breki nje. Koplo aliingia wa kwanza. Alivua viatu vyake vizito mlangoni, jambo nililomfundisha kwa simu, akainama akasema, "Shikamoo, mzee," akiwa na soksi zilizotoboka kidole. Ami akaitikia marahaba kabla hajakumbuka kukasirika. Sajini hakuvua kitu. Alimwonyesha mume wangu mlango kwa kidole kimoja, wakatoka, na sikusikia wakizungumza nini ila neno "sharti" mara mbili.

"Haya ni mambo ya nyumbani, binti yangu," ami akamwambia koplo.

"Ndiyo, mzee, na ninawaheshimu. Lakini kesi iko kortini sasa, si ya nyumbani. Na yule alikatazwa kuja hapa, na amekuja." Kisha akanigeukia, akaacha kuwatazama wote. "Mama, hii karatasi unataka kuiandika sahihi?"

"Sitaki."

"Unataka kwenda na wao?"

"Sitaki," nikasema, na safari hii sauti ilifika barabarani.

Ami alikaa kidogo akiisugua kofia yake. Sikumchukia. Nadhani aliletwa na uongo kama mimi nilivyoishi nao. Hatimaye akavaa kofia, akavuta pumzi, na pua yake ikamsaliti.

"Basi, mwanangu. Tule, tuondoke kwa salama. Naona pilau imekwisha iva."

Wote wakanitazama. Nilikuwa nimesimama na sinia kwenye mkono ule ule, mvuke unanipanda usoni, kuku mzima wa dada yangu ndani yake. Ndipo neno nililoshindwa kulisema kwenye simu likatoka lenyewe, laini, bila jasho.

"Leo sijapika, ami."

Akalitazama sinia. Akanitazama mimi. Akaelewa, nadhani, maana aliinamisha kichwa akatoka bila neno, na wifi akamfuata na bahasha yake. Nilibaki nimesimama mpaka koplo akanipokea sinia. Dada alirudi na gunia la muhogo akakuta gari la polisi uani kwake na afande wa soksi zilizotoboka amekaa mkekani anakula kwa mkono. Sajini alichimba sinia mpaka chini, akasema kwa huzuni, "Mrenda siuoni." Mume wangu walikwenda naye, na dhamana yake ikafutwa mpaka siku ya kesi.

Kesi ilichukua muda wake. Sitaki kuyarefusha: alihukumiwa, na mahakama ikanipa amri kwamba nyumba ya Malindi nikae mimi, na yeye asiikaribie. Koplo alinisindikiza siku ya kurudi. Tulibadilisha kitasa, akalikagua dirisha la uani, akanionya kwamba simu ya saa nne itaendelea hata kama nimechoka naye. Ilikuwa Alhamisi. Usiku ule nilisali, nikafunga kitasa kipya, nikalala katikati ya kitanda.

Nilichoamshwa nacho ni simu.

"Umepika nini leo, mama?"

"Sijapika," nikasema, na kulala tena.

Sikumbuki ni baada ya muda gani mlango ulianza kugongwa kwa ngumi. Nilifungua nikiwa na leso moja tu na nywele zimesimama. Nje alikuwapo koplo, anahema, kofia upande, na nyuma yake sajini na askari wengine wawili, na mtaa mzima madirishani. Nilichukua muda kukumbuka nilisema nini, na nilipokumbuka nilijishika kichwa.

"Mama! Kuna nani ndani? Nini imefanyika?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Ni kweli sijapika," nikamwambia. "Leo ni Ijumaa, na nilikuwa nimelala."